Bustani Ifuate Mwili wa Mwenyewe

Bustani ya nyumbani hudai mambo matano kwa mwili wa anayeitunza: kuinama, kuchuchumaa, kusimama kwa muda mrefu, kubeba na kushika. Mtu mwenye afya hufanya yote matano asubuhi moja bila kuyahesabu. Baridi yabisi ikiingia magotini, kuchuchumaa ndiko huondoka kwanza. Kiharusi kikipooza upande mmoja, kushika na kubeba huondoka pamoja. Nyonga iliyovunjika huacha mikono mizima lakini hufuta kusimama. Kisukari cha miaka mingi hutia ganzi nyayo, mtu akakanyaga mwiba asijue mpaka kidonda kimeshavimba. Uzee nao, hata pasipo ugonjwa wenye jina, hupunguza kila kimoja kidogo kidogo. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba fulani hawezi tena bustani. Kilicho kweli ni kwamba amepoteza jambo moja au mawili kati ya matano, na swali la maana ni lipi.

Ukichunguza matakwa hayo, mengi hayatoki kwa mimea. Mchicha hauna haja ya kuota chini ya magoti ya mtu. Unataka udongo wenye kina cha sentimita 20 hivi, maji, mbolea na jua, na ukivipata juu ya meza utaota juu ya meza. Kinachoulazimisha mgongo kuinama ni tuta lililo chini na jembe lenye mpini mfupi, na vyote viwili vilitengenezwa kwa kukisia mwili wa kijana. Kijana akizeeka, au akianguka na bodaboda, hubaki na bustani iliyokatwa kwa kipimo cha mwili ambao hana tena. Kati ya mwili na bustani, kinachoweza kubadilishwa kwa urahisi ni bustani.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mambo huenda kinyume. Mama aliyelima maisha yake yote akiteleza mara moja uani, jembe lake hufichwa. Huambiwa, "Pumzika, mama, umefanya kazi ya kutosha," akawekewa kiti barazani na redio pembeni. Nia ya watoto ni njema na lugha yao ni ya heshima, lakini kinachotendeka ni kunyang'anywa. Mama hupoteza jua la asubuhi na mazoezi ya viungo, na viungo vyenye baridi yabisi hukakamaa zaidi visipotumika. Hupoteza neno lake kuhusu kitakachoingia jikoni. Hupoteza jirani aliyekuwa akipita kuomba majani mawili ya mchaichai na kukaa nusu saa. Hasara hizi haziandikwi kwenye cheti cha hospitali, kwa hiyo ni rahisi kuzipuuza.

Sababu nyingine ya kuzipuuza ni kwamba bustani, kwa macho ya wengi, ni kazi tu. Mtu akipunguziwa kazi ataachaje kufurahi? Wanaofikiri hivyo wamesahau mrehani uliopandwa karibu na mlango kwa ajili ya harufu, asumini inayochumwa jioni kwa ajili ya vikuba, waridi la bibi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Hata mwenye kulima ili ale hupenda kuona chipukizi la kunde likisukuma udongo na kutoka. Raha hiyo ilikuwepo siku zote ndani ya kazi, na mtu anayeondolewa kazini huondolewa na raha yake.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuupima mwili kabla ya kupima kiwanja. Mwenye bustani akae kwenye kiti atakachotumia, kiwe kigoda, kiti cha kawaida au kiti cha magurudumu, anyooshe mkono mbele bila kuuvuta mgongo. Kwa watu wazima wengi kiganja hufika kama sentimita 60, na hapo ndipo bustani yake inapoishia. Chochote kilichopandwa mbali zaidi kitapaliliwa kwa maumivu au hakitapaliliwa. Kisha aangaliwe anavyoshika: je, vidole vinafunga sawasawa au kiganja kinabana tu? Anaweza kusimama kwa dakika ngapi kabla miguu haijatetemeka? Mkono upi una nguvu? Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko mchoro wowote wa bustani ya kuigwa, kwa kuwa watu wawili wenye ugonjwa wa jina moja huenda wasiwe na uwezo mmoja.

Dawa kubwa kuliko zote ni kuinua udongo. Kitanda kilichoinuliwa hujengwa kwa tofali za saruji, mawe, mabanzi, mabati chakavu yaliyozungushiwa nguzo, au matairi yaliyopangwa. Kwa anayefanya kazi akiwa ameketi ubavuni mwa kitanda, urefu wa sentimita 60 hadi 70 hutosha. Kwa anayesimama lakini hawezi kuinama, sentimita 80 hadi 90 humfaa zaidi, na ukingo mpana wa tofali humpa mahali pa kuegemea au kukalia. Upana ndio watu hukosea. Kitanda kinachofikiwa kutoka upande mmoja kisizidi sentimita 60. Kinachofikiwa pande zote mbili kinaweza kufika sentimita 120. Kitanda cha mita moja na nusu huonekana kizuri siku ya kwanza, na baada ya mwezi mmoja katikati pana msitu.

Uzito wa udongo nao usichukuliwe kirahisi. Kitanda chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 70, kikijaa udongo uliolowa, hubeba zaidi ya tani mbili. Kuta dhaifu hutanuka na kupasuka, na juu ya sakafu ya ghorofa jambo hilo ni hatari kabisa. Kwa kuwa mizizi ya mboga nyingi za majani haiendi chini sana, nusu ya chini inaweza kujazwa magogo yanayooza, migomba iliyokatwakatwa, makumbi ya nazi au mabua, na udongo mzuri uliochanganywa na samadi ukawekwa juu. Vitu hivyo huoza na kushuka, hivyo kila msimu huongezwa ndoo chache za mboji. Kazi hii ya kujaza ni ya vijana, na hufanywa mara moja kwa muda mrefu. Matundu ya kutoa maji yasisahaulike: kitanda kisichovuja hugeuka dimbwi wakati wa masika, na mizizi huoza.

Aliye kwenye kiti cha magurudumu hupata shida moja ambayo kitanda cha kawaida hakiitatui. Akikaa ubavu kwa ubavu na kitanda, hulazimika kujipinda kiuno muda wote, na baada ya nusu saa mgongo unauma kama wa mtu aliyeinama. Kinachomfaa ni meza ya kupandia: sanduku lenye kina cha sentimita 20 hadi 25 lililowekwa juu ya miguu imara, chini pakiwa wazi kwa kiasi cha sentimita 70 ili magoti yaingie. Hapo hukabili mimea uso kwa uso, kama anayekula mezani. Fundi seremala wa mtaani hujenga meza ya namna hiyo kwa mbao za kawaida, akitandika karatasi ya nailoni iliyotobolewa matundu. Udongo mchache hukauka upesi, kwa hiyo meza hutaka kumwagiliwa mara nyingi kuliko kitanda, pengine asubuhi na jioni siku za kiangazi.

Wasio na fedha za tofali wala mbao wana gunia. Bustani za gunia zilipata umaarufu mkubwa Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kuvuruga njia za chakula. Shirika la Kifaransa la Solidarités liligawa miche na kuwafundisha wakazi, na vichochoro visivyo na hata mita moja ya ardhi vikaota sukuma wiki. Lengo lilikuwa njaa na ufinyu wa nafasi. Lakini umbo la gunia, pasipo mtu kulikusudia, lilikuwa limetatua pia tatizo la mtu asiyeweza kuinama. Gunia husimama. Hufikiwa pande zote, na miche yake huanzia usawa wa goti hadi kifuani.

Namna ya kulitengeneza ni rahisi. Kopo kubwa lisilo na chini wala kifuniko husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi hushindiliwa kulizunguka, kisha kopo huvutwa juu, likaacha kokoto mahali pake, na kujazwa tena, hivyo hivyo hadi juu. Unabaki mhimili wa mawe unaopitisha maji kutoka juu hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia miche ya sukuma wiki au spinachi, na juu hupandwa vitunguu au nyanya. Kwa anayeketi, gunia likunjwe ukingo, liishie sentimita 70 hivi, la sivyo sehemu ya juu itampita. Udhaifu wake ujulikane mapema: viroba vya plastiki huchakaa kwa jua na kuanza kuraruka, na matundu ya chini kabisa huwa magumu kufikiwa. Aachiwe mjukuu hayo ya chini, au yasitobolewe.

Mfano ulio wazi kuliko wote barani umetoka Lesotho. Huko, kuanzia miaka ya 1990, ukimwi uliacha nyumba nyingi mikononi mwa wagonjwa, wazee na watoto, watu ambao hawakuwa na nguvu za kulima shamba. Ilienea bustani ya duara iliyojengwa kwa mawe hadi usawa wa kiuno, kipenyo chake kama mita 2, ikiwa na mlango mwembamba uliokatwa kuelekea katikati, hivi kwamba ukiitazama kutoka juu inafanana na tundu la ufunguo. Anayeitunza huingia katika mlango huo, akasimama mahali pamoja na kufikia karibu kila upande. Katikati husimamishwa kapu la fito. Humo hutupwa maganda ya jikoni na hata maji ya kuoshea vyombo, na rutuba husambaa kwenye udongo wote. Bustani hiyo ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya mwili dhaifu, na leo wenye nguvu nao huijenga kwa sababu inalisha vizuri. Mlango wake ukipanuliwa, kiti cha magurudumu huingia.

Kitanda kizuri kisichofikika hakina faida, na hapa ndipo bustani nyingi zenye nia njema hukwama. Njia ya mtu mwenye mkongojo au magongo iwe na upana wa sentimita 90 angalau. Ya kiti cha magurudumu ifike sentimita 120, na mwisho wake pawe na uwanja wa mita moja na nusu kwa moja na nusu wa kugeuzia. Penye kipandio, mteremko ujengwe kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 30 kinadai mteremko wenye urefu wa mita 3.6. Wajenzi hupenda kuufupisha ili kuokoa saruji, na aliyeketi hulipia ufupisho huo kila siku kwa mabega yake. Pwani adui ni mchanga, kwa kuwa magurudumu huzama na mkongojo hutitia. Bara adui ni udongo wa mfinyanzi, unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Changarawe laini iliyoshindiliwa, tofali zilizolazwa au ukanda mwembamba wa saruji iliyokwaruzwa isiteleze hutatua yote mawili. Kokoto kubwa zisizoshindiliwa ni mbaya kuliko kuacha udongo mtupu.

Maji ndiyo mzigo mzito kuliko yote. Lita moja ina uzito wa kilo moja, hivyo dumu la lita 20 ni kilo 20, na kitanda kidogo hunywa dumu zima kwa siku ya jua kali. Watu wengi huacha bustani kwa sababu ya dumu kuliko kwa sababu ya jembe. Penye bomba, mpira wa maji uliofungwa kwenye nguzo yenye urefu wa kiuno humwondolea mtu kuokota kitu chini. Pasipo bomba, kijana ajaze pipa lililoinuliwa mara moja kwa siku mbili tatu, koki ikiwa usawa wa mkono, na mwenye bustani achote kwa kata au keni ndogo isiyozidi lita tatu. Umwagiliaji wa matone unaweza kufanywa kwa chupa za plastiki zilizotobolewa na kuchomekwa udongoni karibu na shina. Matandazo ya nyasi kavu, majani ya migomba au makumbi yaliyochambuliwa hupunguza maji yanayopotea na, jambo lililo muhimu vilevile, huzuia magugu. Palizi moja iliyozuiwa ni asubuhi moja ya maumivu iliyookolewa.

Kuhusu zana, mpini ndio wa kwanza kutazamwa. Madhara ya jembe fupi kwa mgongo si dhana. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi sana, hadi mwaka 1975 lilipopigwa marufuku baada ya kesi iliyoonyesha jinsi linavyoharibu uti wa mgongo. Afrika Mashariki jembe fupi lingali linauzwa kila gulio, na kubadilisha mpini ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote. Mpini unaofika kifuani humruhusu mtu kupalilia amesimama wima. Kwa aliyeketi, kijembe chepesi chenye mpini wa nusu mita hutosha. Mikono yenye baridi yabisi huchoka kubana kitu chembamba, kwa hiyo mipini ya kisu, mkasi na kijiko cha kupandia izungushiwe vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka inenepe na kushikika kwa kiganja kizima. Rangi nyekundu au njano kwenye mpini husaidia kuiona zana iliyoanguka majanini.

Kupanda mbegu bila kuinama hufanywa kwa bomba jembamba la plastiki: ncha moja huwekwa kwenye shimo, mbegu ya kunde au bamia hudondoshwa juu, ikateleza hadi mahali pake. Mbegu ndogo kama za mchicha huchanganywa na mchanga mkavu ndani ya kopo lenye matundu, zikanyunyizwa. Mwenye mkono mmoja tu wenye nguvu hupandikiza vizuri zaidi miche iliyooteshwa kila mmoja kwenye kikopo chake, kuliko kuitenganisha kutoka kitaluni. Yote haya ni maarifa ya bei ndogo, na mengi hubuniwa na wenyewe wakiachiwa nafasi ya kujaribu.

Mimea ichaguliwe kwa kuangalia kazi inayodai, si ladha peke yake. Mchicha hukomaa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa, hivyo anayeuanza huona matokeo upesi, jambo lenye maana kubwa kwa mtu aliyetoka hospitali akiwa amekata tamaa. Lakini ukivunwa kwa kung'olewa hudai kusiwa upya kila mara. Sukuma wiki ikishakomaa huchumwa majani ya chini kwa miezi kadhaa bila kupandwa tena, na shina lake hurefuka kuelekea mkono wa mchumaji. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina, na yakipandwa ukingoni mwa kitanda huning'inia yakachumwa bila shida. Mnavu na mgagani humfaa mwenye mikono isiyo thabiti, kwa vile huchipua tena hata vikichumwa ovyo.

Kundi linalostahili kupendwa zaidi ya linavyopendwa ni la mimea inayotambaa. Nderema, kunde zinazopanda, fiwi, maboga na pasheni hazihitaji kitanda kilichoinuliwa, kwa sababu zenyewe hupanda. Ua la fito au wavu wenye kimo cha mita moja na nusu hubadilisha shamba kuwa ukuta, na mavuno yote huwa mbele ya uso. Chini hubaki shimo moja la samadi tu. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu mwenye uwanja mwembamba, ua la nderema lina faida kuliko vitanda vitatu. Maboga peke yake yaangaliwe: majani yake ni mboga nzuri, lakini tunda zito linaloning'inia huangusha ua lisilo imara.

Mimea ya kudumu nayo hupunguza kulima upya. Wachaga wa Kilimanjaro wamekuwa na kihamba kwa karne nyingi, migomba, kahawa, miti na mboga vikiishi pamoja kwa tabaka, na sehemu kubwa ya mimea hiyo haipandwi kila mwaka. Mzee hupita humo polepole akikata jani kavu la mgomba na kuliacha lilipoangukia liwe matandazo. Ni kweli miteremko ya mlimani ni mikali kwa magongo, lakini kanuni yake huhamishika popote. Mlonge uliokatwa kila mara usizidi kimo cha mita moja hutoa majani mwaka mzima. Kisamvu cha mpira, mchaichai, mrehani, ndimu kwenye pipa: vyote hivi husubiri. Mwenye bustani akilazwa wiki mbili, hurudi akavikuta. Mahindi, muhogo wa mizizi na viazi vikuu, kinyume chake, vina kuchimba kwingi na mavuno mazito. Heri viachwe shambani kwa wenye nguvu.

Mwili dhaifu una masharti yake ambayo hayajadiliki. Asubuhi mapema, kabla ya jua kupanda, ndio wakati mzuri, isipokuwa kwa wenye baridi yabisi ambao viungo hukakamaa wakiamka. Hao wasubiri saa moja au waende alasiri. Kazi ibadilishwe kila baada ya dakika 15 au 20, kutoka kuchuma hadi kumwagilia, ili kiungo kimoja kisichoshwe. Ni busara kuacha wakati nguvu bado zipo, kwa kuwa maumivu ya kuzidisha huonekana kesho yake. Mwenye shinikizo la damu asiinuke ghafla baada ya kuinama. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo kila jioni, na awe na kitu kitamu karibu kama anatumia dawa zinazoweza kushusha sukari. Chanjo ya pepopunda ni muhimu kwa kila anayegusa udongo na samadi, kwani vijidudu vyake huishi humo na huingia hata kwa mkwaruzo mdogo. Simu iwe mfukoni au ikining'inia shingoni, si juu ya kitanda cha kulalia ndani.

Hata baada ya mabadiliko yote, zitabaki kazi za kusaidiwa: kubeba samadi, kutengeneza ukuta uliobomoka, kukata mti. Namna msaada unavyotolewa ina uzito kuliko msaada wenyewe. Kuna kijana anayekuja na nguvu zake, akapanga upya kila kitu, akang'oa mgagani akidhani ni gugu, akaondoka akiamini amesaidia. Na kuna anayeuliza kwanza, "Bibi, hii tuipeleke wapi?" Wa pili amebeba toroli ileile, lakini bustani imebaki ya bibi. Mgawanyo unaofaa ni huu: nguvu za kijana, uamuzi wa mwenyewe. Mbegu gani zipandwe, lini, wapi, kipi kivunwe leo na jirani yupi apewe, hayo yasihamishwe hata kama mwenyewe hawezi tena kushika jembe. Mbegu nazo zikae kwake. Kuchagua kichwa bora cha mchicha, kukikausha, kukipukuta na kupepeta ni kazi ya mtu aliyeketi, inayotaka jicho lenye uzoefu, na nyumba ikimwacha mzee aifanye hupata mbegu nzuri kuliko za kununuliwa bila kujua zilikotoka.

Wapo ambao hata kutoka uani hawawezi. Kwao bustani huingia ndani. Kitalu cha nyanya kinaweza kuanzishwa kwenye makopo ya maziwa juu ya meza iliyo karibu na kitanda, miche ikitunzwa hapo wiki kadhaa kisha kuhamishiwa nje na wengine. Mrehani na kitunguu huvumilia dirishani penye jua. Na kwa asiyeweza kugusa kitu, kitanda chake kigeuzwe kitazame mimea. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha lililotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa chache kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa walikuwa wachache, na utafiti mmoja haumalizi jambo, lakini kugeuza kitanda hakugharimu chochote.

Wapangaji nao wana shida yao. Mwenye nyumba hataki tofali uani, na mkataba ukiisha bustani hubaki nyuma. Ndoo kuukuu, beseni zilizotoboka, madumu yaliyokatwa ubavu na masanduku ya mbao yenye magurudumu madogo huhamishika. Vyombo hivyo viwe vidogo kiasi kwamba mtu mmoja wa kawaida anaweza kukibeba kimoja kikiwa kimelowa. Chombo cha lita 20 kilichojaa udongo wenye maji hupita kilo 30.

Sehemu ya umma katika jambo hili ni kubwa kuliko inavyokubaliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, uliothibitishwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataja katika ibara ya 30 haki ya kushiriki burudani na mapumziko, si matibabu na ajira tu. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Bustani ya nyumbani ni burudani iliyo karibu na mlango wa kila mtu, tena inalisha, na hakuna sababu ya kuiacha nje ya haki hizo. Bwana shamba na bibi shamba wanaofundisha upandaji wa mboga wafundishwe pia vipimo vya kitanda cha anayeketi. Viwanja vya Nane Nane, kama vile Nzuguni Dodoma na Themi Arusha, hujaa vipando vya mfano kila Agosti; kipando kimoja katika kila uwanja kijengwe kwa urefu wa sentimita 65, kikiwa na njia ya sentimita 120, na kitunzwe na mtu mwenye ulemavu anayeweza kujibu maswali ya wageni. Hospitali zenye vitengo vya mazoezi ya viungo zina uwanja; aliyepata kiharusi anayefundishwa kufungua na kufunga kiganja kwa kubana mpira angeweza kufanya mwendo huohuo akichuma mboga kwenye kitanda kilichoinuliwa nje ya mlango, na mchana akaenda nazo nyumbani.